Nyevu na Uyoga wa Jangwani

Nyevu Ngowa, anayekaanga viazi karai pale Makadara, alikuwa mpishi Kuwait miaka mingi kabla ya kurudi Mombasa. Huko ndiko alikoijua fagaa, uyoga unaokua chini ya mchanga wa jangwa baada ya mvua, wa mviringo kama kiazi, usio na shina wala mwavuli. Mara ya kwanza aliuosha maji mamoja tu akaupika. Wali ukajaa mchanga, wageni wakatema. Mama mzazi wa mwajiri wake hakugomba. Aliingia jikoni, akaketi sakafuni, akamfundisha.

"Nililia siku ile," Nyevu aliniambia. "Sikuudhika. Ni vile alivyokaa chini pamoja nami."

Mwaka huu Sauda, jirani yangu wa Mji wa Kale, alikuja likizo kutoka Kuwait na mfuko wa fagaa. Kuila ameizoea, kuipika hajui. Alitaka babake, Mzee Khubaib, aionje, kwani tangu afiwe na mkewe, mzee alikuwa akisukuma sahani tu. Nikampeleka kwa Nyevu.

Nyevu hakufungua biashara asubuhi ile. Alikuja nyumbani kwa kina Sauda, akaisugua fagaa moja moja kwa mswaki mpya, akamenya, akaroweka, akamwaga maji, akaroweka tena.

"Dada, si imeshatakata?" Sauda akauliza.

"Bado. Sikiliza."

Akaizungusha sufuria. Chini mchanga ukakwaruza. Hakuiteleka mpaka sufuria iliponyamaza kabisa. Ndipo akatia kitunguu, samli, ndimu kavu na mchele.

Mzee alitafuna polepole. "Nyama gani hii?"

"Si nyama, Mzee. Ni uyoga."

"Uyoga!" Akalitazama tonge, akalitia kinywani. "Niongeze, mwanangu."

Sauda akatoka barazani kujifuta machozi.

Kesho yake mzee alirudia chai yake na mkate, akaacha nusu. Lakini Ijumaa, baada ya swala, alitembea mwenyewe hadi Makadara.

"Ile fagaa imebaki?"

"Imekwisha, Mzee. Kuna viazi."

"Basi nipe viazi."

Nyevu alimfutia kiti, akamchovyea viazi vyake katika unga usiotiwa pilipili, na wateja wengine wakangoja.