Namba ya Kadi Kwanza

Nnaandika haya nikiwa na udhu, na mwenye udhu haongopi. Yamenifika mie mwenyewe, hapa Maskati, mchana wa jua kali.

Kabla ya kustaafu nilikuwa nnapokea simu katika chama cha wenye magari. Mwanachama gari ikimzimia, hutupigia, nasi humpelekea gari la kuvutia magari mabovu. Kanuni yetu: namba ya kadi kwanza, mahali baadaye. Na kadi ni ya mtu mmoja tu.

Kiangazi kimoja alinipigia kijana, Kiswahili chake cha kwetu Unguja, akaniita ami kama ndugu wa baba yake. "Ami, gari imezima nyuma ya mtaa wa Ghala, nnaungua!" Nikamuuliza kadi. Ilikuwa imekwisha muda wake siku nne nyuma. "Basi wewe si mwanachama, bwana. Muombe mpita njia." Nikakata simu, nikaenda kusali Adhuhuri. Alasiri wakamkuta kalala kando ya gari, amekufa kwa joto. Sikumwambia mtu, hata mke wangu Zuwena.

Mwaka jana gari yetu ikazima pale pale. Zuwena ana maradhi ya moyo, na maji yalikuwa yametuishia. Sijamaliza kubonyeza simu, gari la chama likasimama mbele yetu. Lilitoka wapi? Njia ile unaiona mpaka mwisho wake! Akashuka kijana aliyevaa kofia yetu, midomo imempasuka, usoni hana tone la jasho.

"Namba ya kadi kwanza, ami. Mahali baadaye."

Sauti ile nilikuwa nnaijua. Nikampa kadi.

"Yako bado hai. Ya bibi iko wapi?"

"Huyu mke wangu!"

"Kanuni yenu hiyo, ami, si yangu. Kadi moja, mtu mmoja. Nani apande?"

Zuwena akacheka kwa tabu. "Nenda wewe, samli isiyoona jua, utayeyuka bure. Mie nishakauka zamani."

Nikapanda. Nilijiambia nitamletea msaada upesi. Niamini, ndivyo nilivyojiambia. Kufumba na kufumbua nimesimama Ghala mbele ya gereji, peke yangu. Niliporudi na mafundi, tulimkuta Zuwena kalala kando ya gari, akipumua kidogo kidogo.

Alhamdulillahi, yu hai. Anakula, anasali. Lakini tangu siku ile, nikimuomba hata maji ya kunywa, hunitazama kwa upole, na sauti inayomtoka si yake: "Namba ya kadi kwanza, ami."

Miaka arubaini ya ndoa, Zuwena hajapata kuniita ami.

Basi kadi naiweka mfukoni mwa kanzu, hata nikilala. Nnamsomea namba, ananipa maji. Siku ya kuilipia kadi upya nnafika chamani kabla hawajafungua mlango, maana nikichelewa siku nne sijui itakuwaje. Nnashukuru, nnasubiri.

Nawe, akikupigia mtu kutoka juani, muulize kwanza yuko wapi.