Nati za Lomunokol

Simu ilimkuta Akuwam nje ya nyumba yake Lodwar, anasuka kikapu cha majani ya mkoma. Aliyepiga ni Mabil, fundi wa kuchomelea vyuma katika kambi ya Kakuma.

"Ejok, dada," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Umegombana tena na ndugu yangu?"

"Tulikuwa tunabishana tu kidogo. Sasa amelala."

"Basi mwamshe mmalize."

Akuwam akasikia kilio cha wanawake ndani ya simu, na kikapu kikamtoka mkononi.

"Dada, huyu haamki. Moyo umesimama. Na alikuwa karibu kunishinda."

Ndivyo Lomunokol, ndugu yake Akuwam, alivyoiaga dunia huko Kakuma, mwaka ule wa 2013 serikali za kaunti zilipoanza, bolti ikiwa bado mkononi. Waliomjua hawakushangaa kwamba alikufa akibishana. Wangeshangaa kama angekufa bila kubishana.

Huko Lodwar alikuwa na mashine ya kukereza vyuma, ambayo wamisionari waliiacha walipochoka kuitengeneza. Kazi yake kubwa ilikuwa kukata meno ya bolti, ile mistari inayozunguka ambayo nati huishika. Na Turkana, kama Mungu aliinyima mvua, hakuinyima bolti. Kila mfadhili alikuja na pampu yake ya maji, na kila pampu ilikuja na meno ya kwao. Wengine walihesabu kwa inchi, wengine kwa milimita. Mfadhili alipiga picha na kina mama wakiteka maji, akapanda ndege. Bolti moja ikikatika, pampu ilibaki mjane, kwa maana nati ya mfadhili huyu haikuoana na bolti ya yule.

Mtu mwingine angenunua vipimo vya aina zote mbili. Lomunokol alibuni cha tatu. Alikata meno yake mwenyewe, mapana kidogo kuliko ya milimita na membamba kidogo kuliko ya inchi, akayaita meno ya Lodwar.

"Serikali imegatuliwa," alisema. "Bolti imekosa nini?"

Matokeo yake ni kwamba pampu zilizokuwa na aina mbili za meno sasa zilikuwa na tatu. Akuwam alimwomba Padri Barnabé, Mkongomani aliyekuwa paroko wao, amwonye. Lomunokol alimgeukia padri na swali.

"Padri, Yesu angekuwa fundi chuma, angetumia inchi au milimita?"

"Mwanangu, chuma kilichomhusu Bwana wetu ni misumari, na misumari haina meno. Rudi kwenye misa."

Alirudi, lakini alikaa karibu na mlango ili aondoke mahubiri yakiwa marefu.

Sasa Akuwam alikuwa na jambo moja tu moyoni: ndugu yake azikwe nyumbani kwa misa, kando ya baba yao. Padri alimwambia wazi kwamba kesho yake jioni lazima asafiri kwenda Lokitaung, na hajui atarudi lini. Wazee wa ukoo walikwisha kusema kwamba padri asipokuwepo, wao watamfukia kwa desturi zao, na hizo hazina msalaba. Akuwam alipanda pikapu ya parokia na Longor, dereva, wakalala Kakuma.

Asubuhi, wanawake walipokuwa wakiuosha mwili, Mabil aliona pikapu imechafuka. Akaona si heshima fundi mwenzake asafirishwe hivyo. Akaiosha, akaziba gurudumu moja la nyuma lililokuwa likivuja. Halafu akaona nati za gurudumu lile: kuukuu, nyeusi, zina makovu ya spana. Akazitupa, akaleta mpya zinazong'aa.

Nati ya kwanza iliingia raundi mbili, ikakataa.

"Meno yana vumbi," alisema Mabil. Akatia oili, akachomeka bomba refu kwenye spana, akalisimamia kwa miguu. Nati ikalia kama mbuzi, ikaenda. Zote zikaenda. Mabil akajifuta jasho, ameridhika.

Waliondoka na maiti, Mabil akiwasindikiza, lakini hawakufika mbali. Gurudumu lilianza kucheza, Longor akapiga breki. Aliposhika nati ya kwanza, ilifunguka kwa vidole bila spana. Ndani ilikuwa laini, meno yote yamelika.

"Mama Akuwam," alisema Longor, "bolti za gurudumu hili alikata nani?"

Akuwam hakuhitaji kujibu. Alimtazama ndugu yake nyuma ya pikapu, amefungwa shuka jeupe.

"Wewe mtu," alimwambia, machozi yakimtoka. "Ungekata meno kama ya watu, ungekuwa njiani kwenda kuzikwa!"

Mabil, aliyekuwa amekaa kando ya maiti, alishuka, akachuchumaa kutazama. Zile bolti zilikuwa nzima. Lomunokol alizikereza kutoka ekseli ya lori, chuma kigumu. Nati mpya zilikuwa laini kama ugali, ndiyo maana zilijikwangua zenyewe.

"Chuma nzuri," alikiri. "Lakini kipimo, dada, kipimo ilikuwa ya kichaa."

"Nati za zamani ziko wapi?"

"Nilitupa. Kwa heshima."

Akampigia simu mkewe, Abang. Abang alikuwa ameziokota. Kwao, alisema, kitu cha safari ya marehemu hakitupwi kabla hajazikwa. Alikuwa amezifunga katika kitambaa, na alimkaripia mumewe kwa Kidinka mpaka Longor, asiyejua neno moja, akainamisha kichwa. Akuwam alitoa rozari, akasali juani. Hakuwa amemaliza pikipiki ilipofika, Abang amekumbatia kitambaa nyuma ya dereva.

Longor alizungusha nati nyeusi, za meno ya Lodwar, kwa vidole. Ziliingia mpaka mwisho.

Waliingia Lodwar jua limeanza kuteremka. Gari la kumpeleka Padri Barnabé Lokitaung lilikuwa tayari linanguruma, lakini alipowaona alitundika stola ya misa shingoni, juu ya nguo za safari. Misa ilikuwa fupi. Alisoma injili ya Lazaro, akasema marehemu alimpenda Mungu na alipenda kuwa na haki katika kila ubishi. Wazee wa ukoo walisimama pembeni na fimbo zao. Wimbo ulipoanza, wawili wao waliimba.

Wanaume walimshusha kaburini kando ya baba yake. Akuwam alitupa udongo kwanza, kisha Mabil na Abang, kisha majirani. Juu ya kaburi walipanga mawe ili fisi wasifukue, wakasimika msalaba wa mti. Padri alinyunyiza maji ya baraka, akamshika Akuwam mkono, akaondoka. Waliobaki walisali Baba Yetu mara moja tena, wakaenda nyumbani kunywa chai.