Nukta za Penseli Katika Biblia ya Mgeni

Kijana aliyetaka kumwoa binti yetu alikuja kutusalimu kwa mara ya kwanza miaka ile simu za mkononi zilipoanza kufika mashambani. Alitoka Kabuchai, upande wa Bungoma. Tukiwa sebuleni, akashika kichwa. Mke wangu akamletea dawa ya maumivu na maji.

"Asante, mama," akasema. "Nitaomba tu, yataisha."

Nikamtazama. Binti yetu ana pumu tangu utotoni, na bila dawa yake ya kuvuta hamalizi wiki. Tena mwaka huo tulikuwa tumemzika mtoto wa jirani aliyeugua surua, wazazi wake wakikataa hospitali kwa sababu ya imani. Mimi ni mtu wa maombi. Nimefundisha Neno kanisani zaidi ya miaka thelathini. Lakini jeneza lile dogo sikulisahau.

Kijana alipoondoka, alisahau Biblia yake kwenye kiti. Nikaifungua. Ukingoni mwa kurasa kulikuwa na nukta ndogo za penseli, moja hapa, nyingine kurasa chache mbele. Nikajiambia, watu wenye mafundisho yao ya siri huweka alama. Nikamwambia binti yangu nitaipeleka mwenyewe.

"Baba, si unipe tu nimpelekee? Atasoma nini?"

"Si anajua kuomba? Aombe apewe nyingine."

Kwa wiki tatu nilifuata nukta zile kila asubuhi kabla ya kukamua, kama polisi anayepekua nyumba. Katika Mambo ya Nyakati nikamkuta mfalme Asa, aliyeugua miguu akawategemea matabibu badala ya Bwana. Pembeni palikuwa na nukta. Nimemkamata, nikasema.

Nikarudi nyuma hadi Wafalme kutafuta ushahidi zaidi. Vitabu hivyo nilikuwa nimevipita miaka yote, nikifundisha sura zile zile ninazozipenda. Sasa nikamkuta Elia amechoka, anataka kufa, na wala hahubiriwi. Anaachwa alale, anapewa mkate, analala tena, anapewa tena. Nilikaa na ndoo tupu mkononi hadi ng'ombe akaanza kulia. Kisha nikaona nukta hapo pia, nikaishuku hata ile faraja niliyoipata.

Nilipofika Kabuchai, kijana aliipokea Biblia kwa mikono miwili. Mama yake, ambaye haoni tena, alikuwa ameketi karibu na mlango. Sikungoja chai.

"Hizi nukta ni za mafundisho gani?"

Kijana akashangaa. "Si mafundisho, mzee. Mama alilazwa hospitali Bungoma miezi minne, mimi namsomea. Akilala, naweka nukta nijue pa kuanzia kesho. Mpaka leo tunasoma hivyo."

"Na hapa kwa Asa?"

"Hapo nilikuwa nimedungwa sindano," mama akadakia. "Sikusikia hata mwisho wake. Alipona?"

"Hapana, mama," kijana akajibu. "Alikufa."

"Aa. Pole yake."

Kwenye meza niliona kadi ya kliniki ya mama na vidonge vyake vya jioni ndani ya kifuniko cha chupa. Hata hivyo nikauliza, "Na ile dawa uliyokataa kwangu?"

Kijana akainamisha kichwa. Mama yake akacheka. "Kichwa kilimuuma kwa njaa tu, muzee. Aliondoka hapa bila kula, na huko kwenu chakula kikachelewa. Sasa angeambia mama mkwe nini?"

Kisha akasema, bila kunilaumu, "Wiki hizi tumesoma ya kuazima, lakini hatukujua tuliachia wapi."

Nikaomba nisome mimi. Nilianza kwenye nukta ya mwisho, polepole, na kabla sijamaliza sura ya pili kichwa cha mama kilikuwa kimelala begani. Nikanyoosha mkono, kijana akanipa penseli. Nikaweka nukta.

"Wazee wako waje Jumamosi," nikamnong'oneza. "Nitasema chakula kiwe tayari mapema."