Shati la Mtu wa Mwisho

Jumamosi, kwenye kijiwe cha bodaboda cha Omurushaka, msafara wa kumfuata bibi harusi huko Kanoni ulikaguliwa kama gwaride. Mwenyekiti wa kijiwe alipitisha kidole kwenye kila rimu, kisha akakitazama. Agizo lilikuwa shati jeupe, kiatu cha kufunika, pikipiki iliyooshwa na utepe kwenye vioo.

Dereva aliyenibeba mimi alikuwa na shati la rangi ya udongo.

"Wewe, hilo si la kulimia? Wakwe watatuonaje?"

"Jeupe ninalo, mwenyekiti. Lakini barabara yetu naijua."

"Kaa nyuma kabisa. Picha ikipigwa, inama!"

Njiani lori la ndizi likatupita na wingu la vumbi jekundu, likafuata la pili. Jamani, kabla ya kupanga mavazi ya safari, tuwe tunaitazama na njia.

Tulipofika, bibi yake bibi harusi aliitikia shikamoo zetu kwa vigelegele.

"Marahaba, wanangu! Mmependeza, na sare mmeshona! Ila huyu ambaye yake haijafubaa, mbona mmemficha nyuma?"

Picha ilipopigwa, aliyeinama ni mwenyekiti.