Penalti ya Kalamba

Katunge Mulwa alikuwa mwanamke pekee aliyechezesha mpira Kalamba. Siku za kawaida aliuza ndengu sokoni. Jumamosi alivaa jezi nyeusi, akavuta soksi hadi magotini, na wanaume waliombania bei asubuhi wakamwita Madam Refa mchana.

Kila alfajiri alikimbia kwenye barabara ya murram, akijiandaa kwa kozi ya marefa wa ligi ya taifa. Kozi hiyo haikuchukua aliyepita miaka thelathini na tano. Yeye alikuwa na thelathini na tano.

Mwaka huo, uchaguzi ukikaribia, MCA wao Kitheka, mwakilishi wao katika bunge la kaunti, alianzisha kombe lenye jina lake. Kila timu ilipewa jezi zenye picha yake kifuani. Fainali ikawa kati ya Kalamba, timu ya nyumbani kwa Mheshimiwa, na vijana wa Mbumbuni. Katunge ndiye aliyepangiwa kuichezesha.

Zikiwa zimebaki dakika nne, hakuna aliyefunga, beki wa Kalamba aliupiga mpira ngumi ndani ya boksi kama kipa. Katunge akapuliza filimbi, akaonyesha penalti.

Mashabiki walilipuka. Kitheka mwenyewe alitoka kwenye hema, akaingia uwanjani akitabasamu, mpiga picha wake nyuma.

"Madam, hebu uliza msaidizi wako," alisema kwa upole. "Labda jua limekupiga macho."

Mshika kibendera upande ule alikuwa Mbithi. Walisomea urefa pamoja.

"Mbithi, uliona?"

"Niliona mpira umegonga kifua."

"Niangalie ukisema hivyo."

Hakumwangalia. "Katunge, bibi yangu amepata kibarua kwa kaunti juzi tu. Unataka nifanye nini?"

Katunge alirudi akauweka mpira kwenye alama kwa mikono yake. Ndululu, mshambuliaji wa Mbumbuni, akafunga. Mawe yalianza kurushwa kabla mpira haujatulia wavuni, na akina mama wa sokoni ndio waliomzingira wakamtoa, unyusi wake ukivuja damu.

Siku tatu baadaye kamati ya kombe ilifuta matokeo, ikisema uamuzi ulikuwa na kasoro. Mechi irudiwe, filimbi apewe Mbithi. Katunge alipanda boda hadi Mbumbuni kuwasihi wachezaji wasikubali.

"Bao lilikuwa lenu," alimwambia Ndululu. "Msipoingia uwanjani, kila mtu atajua."

Ndululu aliinama akakaza kamba za viatu. "Madam, tumeahidiwa kazi ya barabara, timu nzima. Tukikataa, tutakula penalti?"

Walicheza, wakafungwa mbili bila. Kazi ya barabara haikuonekana. Kitheka alishinda uchaguzi.

Jumapili moja pasta alimshukuru Mheshimiwa kwa viti vipya vya kanisa, na mama yake Katunge, Kaveke, akapiga makofi pamoja na wengine. Walipofika langoni kwao mama akasema, "Ungepuliza tu vile walitaka. Ni mpira, Katunge. Si mtu alikuwa anakufa."

"Mwaitu," alimjibu mama yake, "yule beki aliunawa mpira."

"Najua. Watu wote wanajua."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko jiwe.

Ili afanye mtihani wa mbio wa kuingia kozi ile, mjini Wote, alihitaji barua ya ofisi ya mpira. Katibu, Nyamai, alimpokea vizuri, akamwagizia chai.

"Wewe ni mzuri kuliko hawa wote," alisema. "Lakini nikituma jina lako, mwaka huu hatutapata mipira wala usafiri. Ngoja moto upoe."

Alienda Wote bila barua. Mkaguzi alimwonea huruma, akamruhusu akimbie na wengine. Alimaliza mbio fupi zote sita, kisha mizunguko kumi, akiwaacha nyuma wanaume waliokuwa na miaka ishirini na kitu. Mkaguzi alitazama saa yake, akatikisa kichwa kwa mshangao. Halafu akafunga daftari bila kuandika jina lake.

"Dada, rudi na barua," alisema. "Mwaka ujao."

Mwezi Machi Katunge alitimiza miaka thelathini na sita. Sasa hutandaza gunia lake upande wa pili wa soko, mbali na uwanja, ingawa huko wanunuzi ni wachache.