Kompyuta Iliyoita Abiria

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, huwa naweka bisibisi chini hata kama kazi imenibana. Nimeikumbuka sasa hivi kwa sababu nimekuona ukimalizia laptop ya mwalimu. Umeipa diski mpya, ikawaka upesi, ukatabasamu, ukakaza skrubu ya mwisho. Hukuilaza hata mara moja uone kama itaamka. Sikugombezi. Vuta kigoda hicho ukae, mwalimu mwenyewe hajafika.

Wakati huo nilikuwa msichana, sina hizi mvi mnazonitania, najifunza ufundi hapa hapa Ujiji kwa Mzee Bukuru, Mungu amrehemu. Mzee alianza na redio, akaingia kwenye televisheni, na kompyuta zilipokuja akazipokea bila makelele. Alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno machache. Akikuuliza swali, ujue umeshakosea.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja wa Kasingirima, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga. Akamwamkia mzee kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akakaa bila kukifungua. Huyo alikuwa Mama Rama. Mwanawe Rama tulimjua wote. Alikuwa mpiga debe wa boti kule Kibirizi, zile zinazobeba abiria kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa. Kijana mjanja yule: alipochoka kupayuka kila asubuhi, alirekodi sauti yake kwenye laptop kuukuu, akaiunganisha na spika, akaipanga ianze kuita yenyewe kila kompyuta inapowaka. Yeye akawa anakaa pembeni na kikombe cha kahawa huku sauti yake ikimfanyia kazi. Kisha siku moja akapanda boti mwenyewe kwenda harusini. Ziwa likachafuka. Wenzake waliokolewa, Rama hakuonekana, na mwili wake haukupatikana.

Ndugu walitaka kumsomea hitma. Mama yake akawafukuza nyumbani. "Mnamsomea nani?" aliwauliza. "Mmemwona wapi?" Tangu hapo akawa hali vizuri wala hatoki, anasubiri tu.

Alipoifungua ile kanga nikaona laptop ya Rama, kona moja imefungwa kwa gundi ya karatasi. "Inabisha hodi," akasema. "Nikiifungua inabisha, halafu haifunguki." Nikaiwasha. Kweli, ndani mlisikika ko, ko, ko, kisha kimya, kisha tena ko, ko. Ni diski ya zamani ile, yenye sahani inayozunguka, imefikia mwisho wake. Lakini nakwambia, kumsikiliza mama yule akiuliza "nani huyo?" kila inapogonga kulinifanya nipunguze sauti ya redio.

Nilihamisha kila kitu kwenda kwenye diski mpya, hizi tunazoziita SSD, zisizozunguka wala kunguruma. Ile ya zamani ilikubali kutoa mzigo wake mara hiyo moja, halafu ikafa kabisa. Nikafunga, nikawasha, ikawaka upesi ajabu, na Rama akaanza kuita. Mama akaifunika haraka kabla hajasikia maneno mawili. Alisema atasikiliza nyumbani, peke yake. Nikampa mashine yake, roho yangu ikiwa nyeupe. Sikuilaza nione kama itaamka. Sikunakili ile sauti mahali pengine. Sikuangalia kama programu ya ndani inayoiendesha ile diski mpya ilikuwa imepitwa na wakati. Niliona imewaka, basi.

Haukupita muda mrefu akarudi mikono mitupu. Alikuwa amevaa vizuri, amejifukiza udi, jambo ambalo lilinishtua zaidi ya maneno yake.

"Fundi, Rama ananiita."

"Anakuitaje, mama?"

"Tangu niitoe hapa sijathubutu kuifungua. Mashine imefungwa, imefunikwa kanga, haijaguswa na mtu. Mchana, umeme ukikatika, nyumba ikitulia, ananiita. Anasema nafasi ya mtu mmoja imebaki."

Nikamwambia ailete niitazame, akakataa. Nikamwambia basi awe anaizima, maana yeye alikuwa anafunika mfuniko tu, kompyuta inalala, haizimiki. Akanitazama kama nimemtukana. "Nimzime?" akasema, akaondoka.

Siku ya pili umeme ulipokatika nikaenda kwake. Unajua mchana wa namna hiyo, mwanangu. Mashine za kusaga zinanyamaza, wachomeleaji wananyamaza, redio za jirani zinanyamaza, mpaka unasikia kuku akikwaruza chini. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, ameielekea meza. Akaniashiria nikae. Laptop ilikuwa juu ya meza chini ya kanga, imechomekwa kwenye umeme ambao haupo. Tulikaa pale, jasho linanitoka, najiona mjinga.

Halafu chini ya kanga kukawaka mwanga mdogo. Ukazimika. Ukawaka tena. Kikapita kimya cha kama mtu anayevuta pumzi, na sauti ya mtu aliyekufa ikajaa chumbani, imechangamka, ya kibiashara: "Abiria wa kusini! Boti inaondoka! Wazee mbele, watoto washikwe mkono! Aliyebaki apande! Nafasi ya mtu mmoja imebaki, ya mtu mmoja tu, m—"

Ikakatika. Mwanga ukafa. Mama Rama hakulia. Alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubali.

Mimi nywele zilinisimama, sitadanganya. Lakini ufundi ni ugonjwa. Hofu yangu haikukaa, mara nikaanza kuhesabu sababu. Betri imechoka. Umeme ukikatika, kompyuta iliyolala inaamka yenyewe betri ikikaribia kwisha, ili ihifadhi kazi kwenye diski kabla ya kuzimika. Hiyo ni kawaida. Ila diski yangu mpya ilikuwa na hitilafu: ikishalala haiamki kwa wakati. Kompyuta inaitafuta, haiioni, inachanganyikiwa, inajizima na kujiwasha upya. Safari hii diski inaonekana, na kwa kuwa ni ya kasi, inafika kwenye sauti ya Rama kabla betri haijakata roho. Ile ya zamani isingewahi. Nilifurahi mno. Nikainuka, nikamwambia mama, "Nimejua tatizo!" nikatoka mbio kumwambia mzee.

Mzee Bukuru alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta miwani. Kisha akauliza swali lake.

"Na mama umemwacha na nani?"

Nikageuka kuutazama mlango.

"Umekimbia kuja kunieleza mimi habari za diski. Yeye umemweleza nini? Binti, yule mama ameambiwa nafasi imebaki, na wewe umetoka umemwachia mlango wazi."

Akafunga duka hapo hapo, tukatoka. Kasingirima tulikuta mlango wazi kweli, kanga iko sakafuni, meza tupu. Jirani aliyekuwa anaanua nguo akatuambia Mama Rama amepanda bodaboda, ana kifurushi, amesema anakwenda Kibirizi, ana safari. "Nimefurahi ametoka," jirani akasema. "Alikuwa anajifungia mno."

Kibirizi ilikuwa imejaa kama siku zote, dagaa wameanikwa, wachukuzi wanapiga kelele. Na hapo ndipo ubaridi uliponiingia hasa, kwa sababu Mama Rama alikuwa amesimama ziwani, maji yamempita magoti, kifurushi kichwani, ameelekea kwenye maji matupu, na hakuna aliyeshangaa. Abiria wote wa pale huingia majini kuzifuata boti. Mchukuzi mmoja alikuwa anamwambia kwa upole, "Mama, njoo nikubebe, utalowa. Boti gani unasubiri?"

"Imeshafika," akajibu. Mbele yake hapakuwa na boti.

Akapiga hatua nyingine. Nikataka kupiga yowe, mzee akanishika mkono. Aliingia majini na viatu vyake vile vile vinavyong'aa, na suruali ya pasi, akaenda kusimama karibu naye bila kumgusa.

"Mama Rama," akamwambia, "amekuita?"

"Ameniita, mzee."

"Alimaliza kusema?"

Mama akageuza shingo. "Hapana. Hukatika."

"Kila siku?"

"Kila siku hukatika hapo hapo."

"Basi kwa nini unamwitikia kabla hajamaliza? Twende tukamsikilize mpaka mwisho. Akimaliza na bado anakuita, mimi mwenyewe nitakusindikiza."

Nilidhani mzee kapata wazimu kumwahidi neno kama hilo. Yeye alinyoosha mikono tu kupokea kifurushi, na mama, baada ya kulitazama ziwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, akampa. Ndani ya kifurushi ilikuwemo laptop.

Dukani nikaiwasha. Ikaniandikia kwamba haina diski. Nikarudia, neno ni lile lile. Mama amekaa pale pale ulipokaa wewe, nguo zinachuruzika, ananitazama mikono. Nakala ya pili sikuwa nayo, ya zamani ilishakufa, na mzee ameshatoa ahadi. Niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa chumbani kwa mama. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini, "Iondoe kwenye umeme. Toa betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia, kiachie, halafu iache ipumzike." Tukaiacha. Nilipoirudishia umeme, diski ikaonekana.

Nilinakili sauti ile kwenye flashi, nikainakili tena kwenye kompyuta ya duka, tukiwa kwenye betri kubwa ya sola ili umeme usije ukatuchezea. Hapo ndipo mzee akasema, "Mwache aseme."

Abiria wa kusini, boti inaondoka. Wazee mbele, watoto washikwe mkono. Aliyebaki apande. Nafasi ya mtu mmoja imebaki, ya mtu mmoja tu, muwahi! Tukapita pale ilipokuwa ikikatika. Ikasikika sahani ikiwekwa chini, mlango, na sauti ya mwanamke kwa mbali: "Rama, uji unapoa." Rama akaangua kicheko. "Mama! Naita abiria, sikuiti wewe! Wewe kaa hapo hapo nyumbani, nakuja." Kisha sauti ikarudi mwanzo.

Alikuwa amerekodia nyumbani kwa sababu Kibirizi kuna ngurumo za injini, na mama alikuwa ameingia na uji. Kitu kidogo mno, alikuwa amekwisha kukisahau. Mama Rama akaweka viganja usoni akalia, kilio chenyewe kile alichokuwa amekizuia tangu boti ile ipotee, na ndani yake kulikuwa na kucheka. "Muongo huyu!" akasema. "Boti tupu, haina hata mbuzi, yeye kila siku nafasi ya mtu mmoja!" Mzee naye akacheka, machozi yanamtoka. Mimi nililia waziwazi.

Alipotulia, akaisogeza laptop kwangu. "Sasa ilaze, fundi. Ilaze vizuri. Imechoka."

Nikaiwekea ile diski programu mpya ya ndani kutoka kwa walioitengeneza, mkono mbali na kitufe mpaka imalize. Nikabadilisha betri. Nikailaza na kuiamsha mpaka jua likainama, ikiwa na chaja, bila chaja, betri ikiwa imejaa na betri ikiwa inakwisha. Ikalala na kuamka kimya. Ijumaa iliyofuata Mama Rama alifungua mlango wake, ndugu wakaja, Rama akasomewa hitma. Mzee alihudhuria na viatu vilivyokunjamana kwa maji, hakuwahi kuvitupa.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kabla hujagusa diski ya mtu, nakili vitu vyake mahali pawili, hata kama amekwambia hana cha maana, maana yeye mwenyewe hajui alichonacho mpaka kipotee. Diski ya zamani usiitupe wala usiifute mpaka mwenyewe aridhike. Tazama programu ya ndani ya diski mpya kabla mteja hajaja, na ukiisasisha, hakikisha umeme ni wa uhakika. Kuwaka si kupona. Ilaze, iamshe, uiache betri ishuke uone inafanyaje. Ikikwambia haina diski, usimpe mtu habari ya msiba, itoe umeme kwanza, iache ipumzike. Na ukishajua kosa liko wapi, wa kwanza kuambiwa ni yule anayelala nyumba moja na mashine hiyo. Keti naye, mweleze kwa lugha yake, usimwache na sauti ambayo haielewi.

Mungu akupe mkono mtulivu na sikio lenye subira. Akuepushe kurudisha kwa mtu kitu ambacho hukukitazama mpaka mwisho, na wanaokupenda awape nafasi ya kumaliza wanachokuambia.

Haya, umeme huo umekatika. Usiguse kitu. Funika tu laptop ya mwalimu ilale, tunyamaze, tuisikilize.