Katekista wa Murusagamba asiyetaka mtu aseme 'nasadiki' kwa kulazimishwa

Ni Jumamosi, umande haujakauka, na Pancras Ntirampeba yuko katikati ya migomba yake huko Murusagamba, wilayani Ngara, anakata majani makavu. Hatua chache kutoka alipo, mwanamke kijana naye anakata. Hawatazamani.

"Shikamoo Mwalimu," mwanamke huyo alisema alipofika.

"Marahaba, Irine. Kisu kile pale."

Basi. Wameingia kazini.

Pancras, mwenye miaka 58, ni katekista wa kigango, kanisa dogo la matofali ambalo padre hulifikia mara moja kwa mwezi, barabara ikimruhusu. Jumapili nyingine zote ni yeye anayeongoza ibada, anayefundisha watoto, anayezika. Posho yake ni shilingi elfu arobaini kwa mwezi, na kuna miezi haiji kabisa. Hakuna anayeona haya kwa hilo.

Lakini wanaomfuata shambani hawafuati mafundisho. Wameacha kusadiki, au wanaogopa kwamba wanaacha, na hapa kijijini neno hilo halina pa kusemewa.

"Ukimkalisha mtu kwenye kiti ukamkazia macho, atakwambia unachotaka kusikia," anasema. "Mpe kazi. Mikono ikishughulika, moyo unasahau kujificha. Halafu migomba haisengenyi."

Irine alifikaje hapa? Ni habari ya mumewe, Celestini.

Miaka mitatu iliyopita, mvua ya mawe ilipiga maharage ya kijiji, siku moja tu baada ya watu kumaliza novena, sala ya siku tisa, ya kuombea mashamba. Kwenye jumuiya, majirani wanaosali pamoja, Celestini akauliza: kama Mungu alitusikia, alisikia nini?

Watu wakacheka. Mzee mmoja akamwambia, "Huyo ni shetani anauliza kwa mdomo wako." Wakaimba, wakatawanyika. Jumuiya hiyo hiyo iliwahi kubishana mchana kutwa kuhusu rangi ya sare za kwaya.

Tuna usahaulifu wa ajabu. Warundi walipovuka mpaka mwaka 1993, walilala ndani ya kigango hiki, na hakuna aliyesimama mlangoni kuuliza nani anasadiki na nani hasadiki. Walipewa uji. Sasa mtoto wa kijiji, aliyebatizwa humo humo, anakosaje hata jibu?

Siku hiyo Pancras hakuwepo.

"Nilikuwa Bugarama, kwenye semina ya makatekista," anasema. "Tulifundishwa kujaza fomu za ubatizo. Tukala wali." Anatupa jani pembeni. "Niliporudi wakanisimulia kama kichekesho."

Celestini akahamia kwenye hema la maombi. Huko swali lake lilipata jibu: imani yake ni ndogo. Wakati huo alikuwa kwenye dozi ya kifua kikuu, na akaambiwa kumeza vidonge ni kumshuku Mungu. Akaviacha. Alifariki Irine akiwa na mimba ya miezi mitano.

Mtoto huyo, Kalista, anakaribia miaka miwili. Kesho padre anakuja kubatiza, na mama mkwe wa Irine, Priscila, ameshashona gauni jeupe. Kinachobaki ni Irine kusimama mbele ya watu na kusema anasadiki.

"Mama anasema niseme tu," Irine anaanza, bila kugeuka. "Eti ni neno moja, mdomo hautaniuma."

"Na wewe unasemaje?"

"Celestini alichekwa kwa kusema kweli. Mimi nishangiliwe kwa kusema uongo?"

Pancras anaendelea kukata.

"Mwalimu, wewe unasadiki?"

"Leo, ndiyo. Siku ya kumzika mumeo nilikuwa nasoma kitabu tu."

Irine anacheka kidogo. "Na sisi tukaitikia amina kwa nguvu."

"Mliitikia vizuri sana."

Kisha Pancras anamwambia alilomwitia. Kama neno halimo moyoni, asilitoe. Mtoto atasubiri, na Pancras mwenyewe atakwenda kumwambia Priscila.

Jioni anakwenda. Priscila anamkaribisha, anampa kigoda, lakini hakai mwenyewe.

"Mwalimu, mwanangu alikufa nje ya kanisa. Na mjukuu wangu naye umwache nje?"

"Simwachi nje, Mama Celestini. Namsubiri mama yake."

"Na kifo nacho kitamsubiri?"

Pancras anainuka kwenye kigoda. Anaaga na kurudi nyumbani, na anakiri kwamba njia nzima alitamani angelikuwa na mdomo mwepesi kama wa wale wa hemani.

Jumapili wanabatizwa watoto tisa. Irine amekaa benchi la mwisho, Kalista amelala mgongoni. Priscila anapita mbele ya katekista bila kumsalimu, jambo ambalo hapa si dogo. Nje, mwenyekiti wa kigango, Aristides, anawaambia waliosimama naye, "Mwalimu wetu siku hizi anafundisha kutosadiki." Wanacheka.

"Sasa nimejua kile kicheko kilikuwaje," anasema Pancras.

Ameomba kigango kitenge saa moja ya maswali baada ya misa ya kila mwezi. Kamati imekataa: kanisa, wamesema, si baraza. Kwa hiyo anapanga kuianzisha uani kwake maharage yakishavunwa. Hakutakuwa na sala ya kufungua wala ya kufunga. Atakayemcheka mwenzake atapewa jembe akalime.

Anasikitika kwamba Priscila hatakuja, na kwamba huenda mama huyo atazeeka akiamini katekista alimfungia mjukuu wake mlango. Hata hivyo anatumaini iko siku Irine atamleta Kalista mbele na kusema neno analolimaanisha.

Na asiposadiki tena maisha yake yote?



"Basi nitakuwa nimemzika mtu mmoja kwa ajili ya swali lililochekwa," anasema Pancras. "Si wawili."